Bi Koma na Tumbo la Karani

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, mteja aliyekuja kuchukua saa yake ya mkononi aliinua pua, akatazama soli ya kiatu chake cha kulia, kisha ya kushoto, halafu akamtazama fundi saa kwa jicho la kuuliza. Fundi naye akamtazama mbwa aliyelala chini ya benchi. Mbwa akatazama ukuta.

"Samahani," fundi alisema. "Si wewe. Ni yeye."

"Kwani amekula nini?"

"Hilo ndilo swali la nyumba nzima."

Mbwa huyo aliitwa Karani, kwa sababu hakuna aliyeingia wala kutoka katika mlango ule bila yeye kufungua jicho moja na kumwandikisha kichwani mwake. Alikuwa wa rangi ya kahawia, si mkubwa wala mdogo, sikio moja limesimama na jingine limelala, umri wake miaka saba au minane hivi. Kwa mwezi mzima tumbo lilikuwa likimtesa. Siku mbili mzima, ya tatu anaharisha. Tumbo lilinguruma kiasi kwamba mteja mmoja alimwambia fundi azime redio. Na zile hewa zake! Fundi alikuwa akisema ziko karibu kusimamisha saa ya ukutani.

Mwenye mbwa, ingawa mwenyewe hakukubali kuitwa hivyo, alikuwa dada mkubwa wa fundi, mama wa miaka sitini na minne ambaye jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Bi Koma.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Vitabu vya shule, kalenda, kadi za arusi, karatasi za maelezo zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa: hakuna kilichokwenda mtamboni kabla hajakipitia kwa kalamu nyekundu. Chumba chake kilipakana na cha mpanga herufi, na kati yao palikuwa na kidirisha. Wiki yake ya kwanza alikutana na sentensi yenye urefu wa ukurasa mzima, isiyo na mahali pa kuvuta pumzi. Akatoa kichwa kidirishani akapaza sauti: "Koma!" Mpanga herufi akaacha kila kitu, akainua mikono juu, akakaa hivyo kama mtu aliyekamatwa akiiba. Alidhani anakatazwa. Kumbe mwenzake alitaka alama ya mkato. Kiwanda kizima kilicheka siku tatu, na kuanzia hapo mama huyu hakuitwa tena kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Karani naye alitoka kiwandani hapohapo. Alikuwa mbwa wa mlinzi wa geti. Mlinzi alipostaafu na kwenda kuishi kwa mwanawe, ghorofa ya nne, mahali wasipotaka kuona hata paka, Bi Koma alijitolea kumweka mbwa "wiki moja tu, mpaka apatikane mtu". Wiki hiyo sasa ilikuwa na miaka sita. "Mimi si mtu wa mbwa," alizoea kuwaambia wageni, huku vidole vyake vikimkuna Karani nyuma ya lile sikio lililolala.

Nyumbani walikuwa watatu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya fundi, mdogo wake, aliyehamia hapo na binti yake baada ya mkewe kufariki. Binti alikuwa msusi, msichana wa miaka ishirini na tano mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Nyuma palikuwa na jiko, vyumba vya kulala, na ua mdogo wa saruji wenye kamba ya nguo na viti viwili. Wote watatu walikuwa wanamlisha Karani, na kila mmoja aliapa kuwa wenzake ndio wanaomharibu.

Baada ya yule mteja kuondoka na saa yake, pua bado iko juu, fundi alisema basi, imetosha. Wakamfunga mbwa kamba, wakampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa kijana mtaratibu, wa wale wanaosema neno moja na kulingoja litue kabla ya kutoa la pili. Alimpandisha Karani kwenye meza ya chuma, akambonyeza tumbo, akamtazama fizi, akampima uzito: kilo kumi na tisa. Akachukua kinyesi kidogo akaenda nacho chumba cha ndani kwenye hadubini, akarudi.

"Hana minyoo," alisema. "Hana homa. Anakula chakula gani?"

"Cha mbwa," alijibu Bi Koma.

"Kipi?"

Dada na mdogo wake wakatazamana. Ukweli ni kwamba kila mfuko ulipoisha, aliyepita karibu na duka alinunua wowote aliouona mbele. Mwezi huu wa bluu, mwezi ujao wa manjano.

"Kuna mbwa anakula hata kiatu na analala vizuri," daktari alisema. "Huyu wenu si huyo. Tumbo lake halipendi mambo mengi. Mtafutieni chakula kikavu kimoja, chenye aina moja ya nyama, iliyotajwa kwa jina. Viambato viwe vichache. Mafuta yasiwe mengi. Mkikipata, msimbadilishie kwa ghafla. Anzeni na robo ya kipya na robo tatu za cha zamani. Siku mbili tatu, nusu kwa nusu. Hivyo hivyo, mpaka wiki au siku kumi ziishe. Akiharisha damu au akikataa kula, mnileteeni siku hiyohiyo. Na kitu kingine kisiingie mdomoni mwake, hata chembe. Halafu naomba muwe mnaandika. Kila anachokula, na kila kinachotoka."

"Kuandika?" alisema Bi Koma, na macho yakamng'aa.

Fundi akafumba ya kwake. Alikuwa anamjua dada yake.

Kesho yake Bi Koma alikwenda duka la vyakula vya mifugo na vitu vitatu mkobani: daftari jipya, kalamu nyekundu, na lenzi ya mdogo wake, ile ambayo mafundi saa huibana jichoni. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuichukua, lakini aliiomba akiwa tayari mlangoni.

Duka lilikuwa refu na jembamba, linanuka pumba na chumvi ya ng'ombe. Mifuko ya mbwa ilipangwa upande wa kushoto kuanzia sakafuni hadi juu. Muuza duka, bwana mpole mwenye aproni ya kijani, alimkaribisha.

"Karibu Mama. Nikupe upi?"

"Bado. Nasoma kwanza."

Muuza duka alidhani ni mzaha. Bi Koma alivuta kiti kidogo cha plastiki, akakaa mbele ya rafu, akabana lenzi jichoni, akaanza na mfuko wa chini kabisa.

"Hapa mbele wameandika 'Kuku Halisi' kwa herufi kubwa kama za mlango wa hospitali," alisema baada ya muda. "Nyuma kwenye orodha, wa kwanza mahindi. Wa pili ngano. Wa tatu 'mazao ya nyama'. Kuku anaingia wa nne. Alichelewa wapi?"

"Mimi siandiki mifuko, Mama."

"Najua. Anayeandika huwa haonekani dukani. Haya mazao ya nyama, ni ya mnyama gani?"

"Mnyama wa kawaida tu."

"Mnyama wa kawaida ana jina."

Muuza duka akahamia upande wa pili wa kaunta, akaanza kupanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Haikupita dakika kumi akaitwa tena.

"Njoo uone. 'Manyoya yenye kungara.' Kung'ara ina ritifaa. Wameidondosha."

"Itamdhuru mbwa?"

"Mbwa haitamdhuru. Inanidhuru mimi."

Alikaa pale saa moja na nusu. Wateja waliingia wakamzunguka, wakatoka. Mama mmoja aliyefuata chakula cha vifaranga alimwona na lenzi jichoni, akadhani ni mkaguzi wa serikali, akanong'ona, akaondoka upesi. Mwishowe Bi Koma alisimama, akanyoosha mgongo, akaweka mfuko mmoja kaunta. Kondoo na mchele. Kondoo wa kwanza kwenye orodha, mchele wa pili, viambato vyote tisa, hakuna rangi ya kupaka, mafuta asilimia kumi na mbili. Kosa lilikuwa moja tu, nafasi mbili baada ya nukta, na hilo alilisamehe.

"Huu umechapwa na watu wazima," alisema.

Nyumbani alibandika ratiba kwenye friji. Robo kwa siku tatu, nusu kwa siku tatu, robo tatu kwa siku tatu. Kila saa moja asubuhi na kila saa kumi na mbili jioni alipima punje kwenye mizani ya jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kusema naye wakati anapima. Kisha aliandika. Aliandika saa, gramu, hamu ya kula, rangi, ugumu. Daftari likawa linakaa mezani karibu na chumvi.

"Shangazi," msusi alisema siku ya nne, akiwa na kijiko hewani, "hiki kitabu cha mavi ni lazima kiwe hapa?"

"Si kitabu cha mavi. Ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya mavi."

"Kula chakula chako."

Siku ya sita Karani aliharisha. Siku ya saba akaharisha tena, na mbele ya mteja. Bi Koma hakupoteza muda. Alirudi dukani, akamwambia muuza duka kuwa kondoo wake ana kasoro. Muuza duka alisema kondoo huyo analiwa na mbwa wa mtaa mzima, na wanashukuru. Bi Koma akasema mbwa wa mtaa mzima hawana kumbukumbu za maandishi. Akakaa tena kwenye kiti cha plastiki, akatoka na mfuko wa samaki na viazi.

Ratiba mpya ikabandikwa juu ya ile ya zamani. Samaki naye akaenda vizuri siku mbili, kisha mambo yakawa yaleyale. Sasa Bi Koma akageukia watu wa nyumbani. Jumapili baada ya kula alisafisha meza, akaweka karatasi katikati, akawatazama mmoja baada ya mwingine kama hakimu aliyekwisha kujua hukumu.

"Nani anampa kitu?"

Karani, aliyekuwa chini ya meza, akapiga mkia sakafuni mara mbili, na kila mtu akaona ni mkia wa kumsuta yeye.

Fundi ndiye aliyevunjika kwanza. "Zile ngozi za mkate," alisema. "Sizipendi. Naziangusha."

"Unaziangusha wapi?"

"Chini ya benchi."

"Mdomoni mwake, yaani."

"Yeye ndiye anayeweka mdomo pale."

Msusi naye, akitazama kucha zake, alikiri soseji. Kipande tu, siku anazorudi amechoka, kwa sababu Karani ndiye pekee katika nyumba ile anayesimama kumpokea. Bi Koma aliandika yote mawili kwa wino mwekundu, kwa sentensi kamili, akasukuma karatasi mbele yao. Wakatia sahihi. Msusi aliomba nakala, hakupewa.

Basi kukawa na nidhamu ya jeshi. Fundi alikula mkate na ngozi yake, huku uso umemkunjamana. Msusi alipita mlangoni mikono juu, kuonyesha kuwa haina kitu. Wiki ikapita. Na tumbo la Karani? Lilipungua kunguruma kidogo, kisha likakaa palepale. Asubuhi mzima, mchana mgonjwa.

Bi Koma alimpigia simu muuza duka kumlalamikia samaki.

"Mama," muuza duka alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "sasa hata mimi tumbo linaniuma."

Kwa hiyo wakarudi kwa daktari, watatu vilevile: Bi Koma na daftari lake, fundi ameshika kamba, na Karani akitembea nyuma kama anayejua kuwa zamu yake ya kubonyezwa imefika.

Daktari alilifungua daftari, akakaa. Alisoma kurasa mbili. Akainua macho.

"Sijawahi kuletewa kitu kama hiki."

"Nilifanya kazi ya uchapaji," alisema Bi Koma kwa unyenyekevu usiomdanganya mtu.

Daktari akaendelea kusoma, safari hii kwa kidole. "Saa moja, punje gramu mia na ishirini, amemaliza. Saa mbili, choo kigumu. Saa sita na nusu, choo laini. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo." Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Kila siku kinaharibika kati ya saa mbili na saa sita. Muda huo anakuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na mimi. Tunakaa uani. Mimi nasoma gazeti, yeye analala kivulini. Saa nne tunakunywa chai, halafu naanika ngu..."

Aliishia hapo. Daktari alilaza daftari mezani taratibu.

"Mnakunywa chai."

"Nakunywa chai," alisema Bi Koma.

Fundi alimgeukia dada yake, macho yamemtoka. "Dada. Umesema tunakunywa."

"Ulimi umeteleza."

"Ulimi wako? Uteleze?"

"Kile kiambishi cha mwanzo ni cha wingi," daktari alisema kwa upole. "Hata mimi nakikumbuka kutoka shuleni."

Miaka thelathini na mmoja Bi Koma alikuwa amewakamata watu kwa viambishi. Waandishi wa vitabu, walimu wakuu, hata kiongozi mmoja wa dini aliyechapisha kadi za harambee. Leo amekamatwa yeye, kwa herufi mbili, t na u, na hakuwa na kalamu ya kuzifuta.

"Chai si chakula," alisema.

"Ina maziwa?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, Mama?"

"Nusu kikombe. Namwekea kwenye sahani, inapoa."

"Na kitu cha kutafuna?"

Bi Koma akatazama mizani ya mbwa. "Biskuti. Zile za siagi."

"Ngapi?"

"Moja yangu, moja yake." Akameza mate. "Ya tatu tunagawana."

Hapo fundi alicheka mpaka akaachia kamba. Alijishika mbavu, akaegemea kabati la dawa, machozi yakamtoka. "Karatasi!" alisema. "Alitulazimisha kutia sahihi! Kwa ngozi ya mkate!" Karani naye, kwa kuona watu wamefurahi, akaanza kurukaruka.

Daktari hakucheka, au alicheka kwa ndani. Alieleza kwamba mbwa wengi umri ukisogea tumbo lao haliyawezi tena maziwa, hata waliyoyazoea, na kwamba siagi juu yake ni kama kumwaga mafuta kwenye mfereji uliokwisha kuziba. Chakula chochote kingeshindwa. Kondoo hakuwa na kosa. Samaki hakuwa na kosa.

"Lakini kwa nini hukuandika?" aliuliza. "Umeandika mpaka nzi aliyemdaka."

Bi Koma alilitazama daftari. Hakuwa ameficha, hilo ndilo lililomshangaza hata yeye mwenyewe. Kila siku alikuwa anakaa uani na daftari magotini, na kila siku ile sahani ilikuwa mbele ya macho yake, na mkono wake haukuwahi kuiandika.

"Ile sikuiona kama kumlisha," alisema mwishowe. "Ile ni mapumziko. Kazini saa nne ilikuwa mapumziko. Nilikuwa nampitishia mpanga herufi biskuti kidirishani, naye ananipitishia kikombe. Miaka yote hiyo. Sasa mtu huwezi kukaa tu, ukanywa peke yako, ukatazama ukuta."

Fundi aliacha kucheka. Aliinama akaiokota kamba, akakaa akiizungusha mkononi.

Jioni msusi aliporudi na kuhadithiwa, yeye hakuwa na huruma hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo, akaitoa ile karatasi ya maungamo, akaiweka mbele ya shangazi yake na kalamu juu.

"Tia hapa, Shangazi. Chini ya soseji."

Bi Koma akatia. Kisha akachukua daftari, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuingiza, siku kwa siku, katika nafasi ndogo zilizobaki kati ya mistari: saa nne, chai ya maziwa, biskuti moja na nusu. Siku ishirini na sita. Aliandika zote. Msusi alitaka kumwambia inatosha, lakini alipoona jinsi shangazi yake alivyokaza midomo, aliondoka akaenda kuosha vyombo.

Kazi ngumu ilianza kesho yake. Saa nne ilipofika Karani alikuja akaweka kidevu gotini kwa Bi Koma, kama kawaida. Bi Koma akanywa chai akiwa ameelekea upande mwingine. Kidevu kikamfuata upande huo. Siku ya pili alinywea jikoni, amesimama, mlango umefungwa. Mbwa akakwaruza mlango, na chai akaimwaga kwenye sinki. Siku ya tatu hakunywa kabisa. Badala yake aliingia karakana akaanza kusahihisha vikaratasi ambavyo mdogo wake hufunga kwenye saa za wateja. Kufikia saa tano alikuwa amemwambia mteja mmoja kwamba jina lake limekosewa, na mteja akasema jina ni lake na ndivyo anavyoliandika.

Siku ya nne, ilipofika saa nne kasoro dakika tano, fundi alizima taa yake ya mezani, akafunika vyuma vyake kwa kitambaa, akaandika kitu kwenye kipande cha boksi na kukitundika mlangoni. Akaja uani na kikombe mkono mmoja na bakuli dogo mkono mwingine.

Bi Koma alimtazama. "Unaumwa?"

"Niko mapumzikoni."

"Na wateja?"

"Nimeandika nitarudi saa nne na nusu."

"Umeandikaje?"

"Dada, kunywa chai."

Bakuli lilikuwa na punje za Karani mwenyewe, alizozipunguza fundi kwenye chakula chake cha asubuhi. Alikuwa amempigia daktari kuuliza kama inaruhusiwa, na daktari akasema ni zilezile tu, atazilaje ni shauri lake. Fundi aliweka bakuli chini. Karani alizinusa, akamtazama Bi Koma, akamtazama fundi, akatazama biskuti ambayo fundi alikuwa ameitoa mfukoni. Akaona hakuna namna. Akala.

Walikaa nusu saa. Siku hiyo hawakuzungumza kitu cha maana, walibishana tu kama paa inahitaji rangi. Lakini fundi alirudi kesho yake, na keshokutwa, na baada ya wiki alianza kumsimulia dada yake mambo ya marehemu mkewe ambayo hakuwahi kuyatamka tangu msiba, madogomadogo, jinsi alivyokuwa anakunja soksi, jinsi alivyoogopa mijusi. Bi Koma alisikiliza. Hakumkata hata pale alipokosea tarehe.

Chakula walirudia kile cha kondoo na mchele, taratibu, kwa ratiba, kwa mara ya tatu. Siku ya kumi na mbili, wakati wa chakula cha mchana, Bi Koma aliingia kutoka uani, uso umenawiri.

"Kigumu!" alitangaza. "Asubuhi na mchana!"

Msusi akaweka kijiko chini. "Hongera, Shangazi," alisema. "Kweli tumekula na kushiba."

Kulikuwa bado na deni moja la heshima. Bi Koma alivaa vizuri, akaenda dukani, akasimama mbele ya kaunta.

"Nimekuja kusema kwamba chakula chako hakikuwa na kosa. Nilikusingizia mara moja."

"Mbili, Mama," alisema muuza duka. "Moja ilikuwa kwa simu."

"Mbili. Nisamehe."

Muuza duka alifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na jambo lake pia, na alilisema akitazama pembeni. Tangu ile siku ya lenzi, wateja wanaulizia yule mama anayesoma mifuko. Wana mbwa wenye matumbo mabaya, mbwa wanaojikuna, mbwa wanene wasiopanda ngazi. Yeye anajua kuuza, hajui kusoma herufi ndogo. Je, Mama angeweza kupita Jumamosi, saa mbili tatu tu? Kiti angempa cha mbao.

Bi Koma alisema yeye si mtu wa mbwa. Jumamosi akafika nusu saa kabla duka halijafunguliwa.

Mwaka wa pili sasa yuko pale. Karani amefika kilo ishirini na moja, na hulala kwenye kizingiti cha duka akiandikisha wanaoingia. Kwenye mifuko Bi Koma hana huruma. Mtengenezaji mmoja alimwandikia barua kumshukuru kwa kusahihisha orodha yake, naye akairudisha barua hiyo imesahihishwa. Lakini kwa watu amelainika. Juzi alikuja bwana mmoja, mrefu, shati limepigwa pasi, amebeba kwapani kambwa kembamba kenye macho ya kusikitika. Akaeleza kuwa amejaribu vyakula vinne, na kambwa hakapati nafuu.

"Na mezani?" Bi Koma aliuliza. "Hukapi chochote?"

"Hata punje ya wali, Mama. Mimi ni mtu wa msimamo."

"Naona."

Hakumbishia. Alitoa lenzi jichoni, akaiweka mfukoni, akavuta kiti cha pili karibu na chake, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa kwanza," alisema. "Nisimulie, siku yenu inaanzaje?"

Yule bwana akakaa, akampakata mbwa wake, akaanza kusimulia. "Basi," alisema, "asubuhi tunaamka..."